Kansa ya Umio na Tumbo: Kwanza Tuijue kwa Jina

Mwezi huu tunataka kuzungumzia jambo linalogusa mifuko na mioyo ya familia nyingi, nalo ni dawa mpya za kansa zinazotolewa kabla ya mgonjwa kupasuliwa umio au tumbo.

Sisi tunaofanya kazi wodini tunaulizwa habari zake mara kwa mara. Mtoto aliye mjini amesoma kwenye simu, au ndugu aliye ng'ambo amepiga kuwaambia wazazi kwamba siku hizi ipo dawa inayoilenga kansa yenyewe na kuuacha mwili salama. Ukoo unakaa kikao. Anatajwa ng'ombe wa kuuzwa, kisha ekari ya shamba, kisha jumuiya inaombwa mchango. Wakati huo huo mgonjwa mwenyewe bado hajakatwa kinyama cha kupimwa maabara, wala hakuna anayejua kansa aliyo nayo ni ya aina gani.

Maoni yetu tunayasema mapema. Dawa hizi ni za kweli, na kwa baadhi ya wagonjwa ni msaada mkubwa. Lakini kila moja imetengenezwa kwa ajili ya kansa yenye alama fulani, na asiye na alama hiyo atabaki na hasara tu. Kwa hiyo shilingi ya kwanza ya familia yafaa iende kwenye kipimo kinachoipa kansa jina, na siku za kwanza za ugonjwa zisipotee bure. Tutaeleza kwa nini tunasema hivyo.

Njia moja, magonjwa mbalimbali

Umio ni ule mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kwa mtu mzima una urefu wa kama sentimeta 25. Unapita kifuani nyuma ya moyo, halafu unaungana na mfuko wa tumbo. Watu wengi husema tu "kansa ya koo" au "kansa ya tumbo", lakini kwa daktari anayetafuta dawa majina hayo hayatoshi.

Umio kwa ndani umetandikwa chembe bapa, zilizopangana mfano wa magamba ya samaki. Kansa inayoanzia hapo tutaiita kansa ya chembe bapa. Chini, karibu na tumbo, na ndani ya tumbo lenyewe, zipo chembe za tezi zinazotoa ute na tindikali. Kansa inayoanzia hapo tutaiita kansa ya tezi. Ipo na aina ya tatu, isiyoonekana mara nyingi, ambayo huanzia katika nyama ya ukuta wa tumbo, chini ya ule utando wa ndani. Wataalamu huiita GIST.

Huku kwetu Afrika Mashariki, kati ya kila wagonjwa 100 wa kansa ya umio, zaidi ya 90 wana ile ya chembe bapa. Ugonjwa huu umetanda kama ukanda mrefu unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini. Marekani na katika nchi nyingi za Ulaya Magharibi mambo ni kinyume, maana huko kansa ya tezi iliyo sehemu ya chini ya umio ndiyo iliyo nyingi. Tunaomba msomaji aikumbuke tofauti hii. Ndugu aliye ng'ambo anapoleta habari njema ya dawa mpya, mara nyingi habari hiyo inahusu kansa ya wagonjwa wa huko.

Kwa nini dawa itangulie kisu

Wazee wetu wengi huona kwamba mgonjwa akishakutwa na kansa apasuliwe kesho yake, na akipangiwa dawa za majuma kadhaa kwanza wanadhani hospitali inamchelewesha. Wengine wanaogopa kisu chenyewe, wakiamini kuwa kansa ikipigwa na hewa husambaa. Imani hiyo si ya kweli. Mara nyingi kinachoirudisha kansa baada ya upasuaji ni chembe zilizokwisha kutoroka kwenda kwenye tezi, ini au mapafu kabla mgonjwa hajafika hospitali, zikiwa bado ndogo mno hata picha haizioni.

Ndiyo sababu mara nyingi dawa hutangulia. Dawa hupita katika damu na kuzifuata chembe hizo popote zilipojificha. Tena hupunguza ukubwa wa uvimbe, ili daktari apate nafasi ya kuuondoa wote pamoja na mpaka safi kuuzunguka. Na mgonjwa kabla ya upasuaji ana nguvu kuliko baada yake. Umio ukishakatwa, wengi hupungua mwili na kushindwa kumaliza dawa.

Faida hii imepimwa. Mwaka 2006 madaktari wa Uingereza walitangaza matokeo ya wagonjwa 503 wa kansa ya tezi ya tumbo na sehemu ya chini ya umio. Miongoni mwa waliopasuliwa tu, makadirio ya waliokuwa hai baada ya miaka 5 yalikuwa 23 kati ya 100. Miongoni mwa waliopewa dawa kabla na baada ya kupasuliwa walikuwa 36.

Mwaka 2012 ikaja habari kutoka Uholanzi. Huko wagonjwa walipewa dawa mbili kwa dripu mara moja kwa juma, kwa majuma 5, pamoja na mionzi, ndipo wakapasuliwa. Walipofuatiliwa kwa miaka zaidi na matokeo kutangazwa mwaka 2015, wenye kansa ya chembe bapa ndio waliofaidika zaidi. Miongoni mwa waliopasuliwa tu, nusu walikuwa wamefariki ilipotimia miezi 21. Miongoni mwa waliotanguliziwa dawa na mionzi, nusu waliishi zaidi ya miezi 81, yaani karibu miaka 7.

Angalieni jambo hili vizuri, ndugu wasomaji. Kansa ya chembe bapa ndiyo kansa yetu. Na dawa zile mbili, kaboplatini na paklitakseli, ni za zamani, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ni kweli kwamba wagonjwa wale walichaguliwa. Kansa yao ilikuwa haijasambaa mbali, na miili yao ilikuwa bado na nguvu ya kuhimili matibabu. Kwa hiyo aliyewahi ndiye aliyepata faida ile.

Dawa ya kulenga inafanyaje kazi?

Dawa za kansa za kawaida hushambulia chembe zote zinazojigawa upesi, za kansa na zisizo za kansa. Ndiyo maana nywele hunyonyoka, mdomo hutoka vidonda na damu hupungua. Dawa ya kulenga hutafuta kitu kimoja tu kinachoisukuma kansa ikue, ikakizuia. Mfano wake ni ufunguo na kitasa. Ufunguo ukiwa mzuri namna gani, kama mlango hauna kitasa chake hautafungua kitu.

Kitasa kinachotajwa sana katika kansa ya tumbo ni protini iitwayo HER2. Baadhi ya kansa huwa na protini hiyo kwa wingi kupita kiasi juu ya chembe zake. Dawa yake ni trastuzumabu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Herceptin. Ilianza kuruhusiwa Marekani mwaka 1998 kwa kansa ya matiti. Mwaka 2010 yakatangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi 24 juu ya kansa ya tezi ya tumbo na ya maungio ya tumbo na umio. Wagonjwa walipopimwa kwanza, kama 22 tu kati ya kila 100 walikutwa na HER2 nyingi. Hao waliochaguliwa walikuwa wamefikia hali ya kutopasulika. Walipoongezewa trastuzumabu juu ya dawa za kawaida, muda wa kuishi wa katikati ulipanda kutoka miezi 11.1 hadi 13.8.

Miezi ile karibu mitatu si kitu kidogo kwa mama anayesubiri binti yake amalize shule. Lakini si muujiza. Na wale 78 wengine kati ya 100 hawakuwa na kitasa cha kufunguliwa.

Mfano unaotia moyo zaidi ni ule wa GIST. Uvimbe huu mara nyingi husukumwa na protini iitwayo KIT, na dawa yake ni vidonge vya imatinibu, maarufu kwa jina la Glivec. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2017, wagonjwa 53 wa Japani na Korea Kusini wenye uvimbe wa tumbo wa sentimeta 10 au zaidi walimeza vidonge hivyo kwa miezi 6 hadi 9 kabla ya upasuaji. Kwa wagonjwa 48 uvimbe uliondolewa wote, na 42 kati ya hao walibakiwa na nusu ya tumbo lao au zaidi. Mtu aliyekuwa akatwe tumbo zima akabaki na tumbo la kupokea ugali. Hiyo ndiyo dawa ya kulenga ikifika mahali pake. Ilifika kwa sababu maabara ilikwisha sema uvimbe ule ni nini.

Majaribio yaliyotufundisha kuwa na subira

Pengine msomaji atauliza: kama trastuzumabu huwasaidia walio katika hali mbaya, je, haitawasaidia zaidi wale ambao bado wanaweza kupasuliwa? Swali hilo ni zuri, na madaktari waliliuliza pia.

Huko Marekani wagonjwa 203 wenye kansa ya tezi ya umio yenye HER2 nyingi walipewa dawa za kawaida na mionzi kabla ya upasuaji, na nusu yao wakaongezewa trastuzumabu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2022. Nyongeza ile haikuonyesha faida ya kuaminika katika muda wa kuishi bila kansa kurudi. Mwaka huo huo Wajerumani walitangaza jaribio dogo la wagonjwa 81, ambao baadhi yao waliongezewa dawa mbili za kulenga HER2. Walipopasuliwa, sehemu iliyoondolewa haikukutwa na chembe hai ya kansa kwa wagonjwa 35 kati ya 100, ilhali kwa waliopata dawa za kawaida walikuwa 12 kati ya 100. Ni dalili njema, lakini kuhara kukali kuliongezeka sana, na jaribio lilifungwa kabla ya kuingia hatua kubwa ambayo ingethibitisha kama watu wanaishi zaidi.

Liko na jaribio la tatu ambalo sisi wauguzi tunaofunga vidonda tunalikumbuka kuliko yote. Uingereza walijaribu dawa ya bevasizumabu, ambayo huzuia uvimbe usijiotee mishipa mipya ya damu, ili ukose chakula. Wagonjwa 1,063 walishiriki, na matokeo yakatangazwa mwaka 2017. Baada ya miaka 3, waliokuwa hai walikuwa 50 kati ya 100 kwa waliopata dawa za kawaida, na 48 kati ya 100 kwa walioongezewa bevasizumabu. Hakuna faida iliyopatikana. Kibaya zaidi ni kilichotokea pale daktari anapoushona umio na tumbo baada ya kukata. Miongoni mwa waliokatwa umio na sehemu ya tumbo, mshono ulivuja kwa 10 kati ya 100 walipopata dawa za kawaida, na kwa 24 kati ya 100 walipopata dawa ile ya kulenga. Kidonda nacho kinahitaji mishipa mipya ya damu ili kipone. Dawa iliyokusudiwa kuunyima uvimbe chakula iliunyima na mshono pia.

Tunayaeleza haya ili familia zijue kwamba neno "kulenga" halina maana ya "bila madhara". Hata trastuzumabu inaweza kudhoofisha moyo, ndiyo maana moyo wa mgonjwa hupimwa kabla na wakati wa matibabu.

Habari njema zipo pia. Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya wagonjwa 948 wa kansa ya tezi ya tumbo na maungio yake. Hao walipewa dawa za kawaida kabla na baada ya upasuaji, na nusu yao wakaongezewa durvalumabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili ipigane na kansa. Baada ya miaka 2, walioendelea kuishi bila ugonjwa kurudi au kuzidi walikuwa 67 kati ya 100, na wasioongezewa walikuwa 59. Na mwaka 2021 dawa nyingine ya kuamsha kinga, nivolumabu, ilikwisha onyesha faida kwa kansa zote mbili za umio, ile ya tezi na ile yetu ya chembe bapa. Hiyo ilitolewa baada ya dawa, mionzi na upasuaji, kwa wale ambao mabaki ya kansa yalikutwa katika sehemu iliyokatwa. Njia inaendelea kufunguka, na mlango wake ni ule ule wa dawa za kawaida, mionzi na kisu kilichofika mapema.

Basi familia ifanye nini?

Kwanza, mgonjwa aangaliwe kwa mpira wenye kamera na akatwe kinyama. Wengi wanauogopa mpira huo. Ni kweli unasumbua, lakini koo hutiwa ganzi, au mgonjwa hupewa dawa ya kumtuliza, na kazi yenyewe huisha kwa dakika chache. Kukata kinyama hakuisambazi kansa. Bila kinyama hicho, daktari yeyote, hata wa ng'ambo, atakuwa anabahatisha.

Pili, ombeni jibu la maabara kwa maandishi, na mlitunze kama mnavyotunza cheti cha ubatizo. Wengine wamefika hospitali kubwa bila karatasi wakaanza upya, na majuma yakapita. Jueni pia kuwa kinyama huhifadhiwa katika nta, na kikiwa katika nta hakiozi. Kikihitajika kipimo cha HER2 au KIT ambacho hospitali yenu haina, kipande hicho kinaweza kutumwa kwenye maabara kubwa na mgonjwa akabaki nyumbani akila uji wake. Nauli ya kipande cha nta ni ndogo kuliko nauli ya mgonjwa na wasindikizaji wawili.

Tatu, zipigwe picha za kuonyesha kama kansa imesambaa. Upasuaji mkubwa wa umio hauna faida kwa mtu ambaye kansa imekwisha fika kwenye ini.

Nne, mgonjwa alishwe. Asiyeweza ugali apewe uji mzito wenye maziwa, karanga zilizosagwa vizuri, mayai na mafuta. Anayepoteza kilo kila juma anapoteza pia uwezo wa kuhimili dawa na kisu. Pengine hospitali itampitishia mpira wa kulishia, nanyi msiukatae mkidhani ni dalili ya kufa.

Tano, ndipo liulizwe suala la dawa. Huko Ocean Road Dar es Salaam, Bugando Mwanza au KCMC Moshi, mwulizeni daktari maswali haya bila woga: Kansa hii ni ya chembe bapa, ya tezi, au ni GIST? Imesambaa au bado? Inaweza kupasuliwa? Je, apewe dawa na mionzi kwanza? Kama mnataja dawa ya kulenga, alama yake imepimwa na imekutwa? Inatarajiwa kuongeza nini kwa mgonjwa wetu, na kwa gharama gani? Bima yetu inalipia? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na daktari mwema hachukii kuulizwa.

Kama jibu ni kansa ya umio ya chembe bapa, fedha zisitafutwe kwa ajili ya trastuzumabu. Dawa hiyo haikuthibitishwa kwa kansa hiyo. Zitafutwe kwa ajili ya nauli, malazi, chakula na muda wa kukaa karibu na mionzi hadi matibabu yaishe. Sisi tumeona wagonjwa wanaoacha mionzi katikati kwa sababu tu hawana mahali pa kulala mjini. Hapo ndipo mchango wa jumuiya unapoweza kuokoa maisha. Shamba likiuzwa kwa ajili ya chupa isiyo na kazi, watoto hubaki bila mzazi na bila shamba.

Na kama jibu ni kansa ya tezi yenye HER2 nyingi ambayo haiwezi kupasuliwa tena, au ni GIST, familia isikate tamaa kwa kusikia jina la dawa ya gharama. Trastuzumabu na imatinibu ziliingia katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2015, na siku hizi viwanda vingine, vya India vikiwemo, vinatengeneza dawa za namna hiyo kwa bei nafuu. Ulizeni. Lakini zinunuliwe kwa cheti cha daktari wa kansa na katika duka la dawa linalojulikana, zisiagizwe kwa mtu wa mtaani. Trastuzumabu inataka ubaridi njia nzima, na chupa iliyosafiri juani ndani ya begi inaweza kuharibika bila kuonyesha dalili yoyote.

Tunalo na neno kwa wakubwa. Dawa nyingi za kulenga zimejaribiwa zaidi kwa kansa ya watu wa nchi tajiri. Kansa ya mkulima wa Rungwe, Bomet au Malawi haijapata majaribio ya kutosha. Tunaona ni haki wagonjwa wetu nao waingizwe katika majaribio, kwa ridhaa yao na kwa kuelezwa vizuri, ili dawa za kesho ziwe na kitasa cha mlango wetu.

Kuwahi ndiko dawa ya kwanza

Mficha maradhi kilio humuumbua. Kansa ya umio huanza kwa jambo dogo: tonge la ugali au kipande cha nyama kinakwama, mtu anakunywa maji kikashuka. Baada ya muda anaacha nyama, kisha ugali, kisha anaishi kwa uji, mwishoni hata mate hayapiti. Wengi wanatufikia wakiwa kwenye uji. Tunawasihi waje wakiwa bado kwenye tonge la kwanza lililokwama.

Yeyote ambaye chakula kinamkwama kwa zaidi ya majuma mawili, au anakonda bila sababu, au anapata choo cheusi kama lami, au anatapika damu, aende hospitali apimwe. Mtu mzima anayemeza dawa za vidonda vya tumbo mwezi baada ya mwezi bila nafuu aombe kuangaliwa kwa mpira. Dawa hizo zinaweza kutuliza maumivu huku kansa ikiendelea kukua chini yake.

Tusisahau na kinga. Tumbaku na pombe, pombe kali hasa, huongeza hatari ya kansa ya umio. Mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Utafiti wa Kansa Duniani walisema kwamba vinywaji vya moto sana, vya zaidi ya nyuzi 65, yaelekea vinasababisha kansa hii. Mwaka mmoja kabla yake ulitangazwa utafiti wa Kilimanjaro ambao ulipima chai jinsi watu wanavyoinywa, na wastani ukawa nyuzi 70.6. Basi chai ikimiminwa, iachwe ipoe kidogo wakati wa mazungumzo. Kinga hiyo haina gharama hata senti moja.

Na kwa yule aliyekwisha chelewa, msiseme hakuna la kufanya. Kipo kijibomba cha waya kinachopanuka chenyewe, ambacho huwekwa ndani ya umio bila kupasua, mgonjwa akaweza kumeza tena. Hospitali ya misioni ya Tenwek, huko Bomet nchini Kenya, inajulikana sana kwa kazi hiyo. Ipo na mofini ya kunywa kwa ajili ya maumivu. Baba anayeweza kumeza mchuzi mezani pamoja na watoto wake, na kulala usiku bila kulia, ametibiwa, hata kama kansa haikuondoka.

Mwezi huu basi, katika jumuiya zenu, mkisikia kuna mtu ambaye chakula kinamkwama, msianze na kikao cha kuuza ng'ombe. Mtafutieni nauli ya kwenda kuangaliwa kwa mpira, na mmoja wenu amsindikize. Jina la ugonjwa likishajulikana, ndipo kikao kikae, na fedha yenu itajua pa kwenda.